Mark X ya 2006, milioni tatu na nusu, na hamu ya gari ichanganye: uanzie wapi?

Swali: "Shikamoo fundi. Nina Mark X ya 2006, GRX120, cc 2500, nakaa Nkuhungu hapa Dodoma. Nimejichanga nina kama milioni tatu na nusu, nataka gari ichanganye vizuri. Fundi mmoja kanishauri nitoe masega (kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi), nifunge mafla ya mlio, eya klina ya wazi, nifanye rimapu ya kontroboksi (kubadilisha mipangilio ya kompyuta ya injini), alafu niishushe na kuiwekea rimu 19. Mwingine anasema hayo yote ni kupoteza muda nifunge turbo kabisa, ile pampu ya kushindilia hewa kwenye injini. Wa tatu anasema niiuze niende Crown haibridi maana hizi injini zinaisha. Safari zangu ni Dar na Singida mara kwa mara. Nianze na nini?"

Marahaba mdogo wangu. Nakujibu kwa urefu kwa sababu hili swali naletewa sana na vijana wa hapa mjini, na wengi wanakuja hela ikiwa imeshaliwa na gari inavuta vibaya kuliko mwanzo.

Jibu fupi ni hili: usiiguse injini kwa lengo la kuitafutia nguvu mpya. Irudishie kwanza nguvu yake ya kiwandani, ambayo nina uhakika kwa umri huo haipo yote, alafu hela yote inayobaki ipeleke kwenye tairi, breki, shokapu na kwako wewe dereva. Turbo sahau. Crown nitaifikia.

Sasa sababu zenyewe. Kuna kitu fundi wa Dar hawezi kukwambia maana yeye hakimhusu: Dodoma tuko juu. Mji wetu uko kama mita 1,120 kutoka usawa wa bahari, na huku juu hewa ni nyepesi, kila lita moja ya hewa injini inayovuta ina oksijeni pungufu kuliko lita ile ile ikivutwa pale Kigamboni. Injini isiyo na turbo haina namna ya kujiongezea, inavuta kilichopo tu, kwa hiyo kwa urefu huu inapoteza kama asilimia 11 ya nguvu yake hata ikiwa mpya kabisa. Injini yako ya 4GR-FSE ilitoka kiwandani na farasi 215 kwenye mizunguko 6,400 na toki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 260 kwenye mizunguko 3,800. Ukitoa hiyo asilimia unabaki na farasi 190 hivi, na ukienda Singida ambako ni juu zaidi wanapungua tena. Ndio maana watu wanarudi kutoka Dar wanasema "mafuta ya kule mazuri, gari ilikuwa inaruka", kumbe ni hewa, gari ilikuwa imeshuka pwani ikapumua.

Shika hilo alafu uangalie moja moja ulichoshauriwa.

Eya klina ya wazi, ile ya duara inayokaa peke yake ndani ya boneti, inavuta hewa ya moto kutoka pale pale injini inapochemkia, na hewa ya moto ni nyepesi kuliko ya baridi, yani unachukua hewa ambayo tayari ni pungufu kwa sababu ya mwinuko unaipunguza tena kwa joto. Boksi lako la orijino linavuta hewa ya mbele ya gari. Na hapo sijasema vumbi. Kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua zianze wewe mwenyewe unaona hali ya Nkuhungu ilivyo, lile vumbi jepesi linaloingia hata ndani ya kabati, sasa ukiweka chujio la matundu makubwa lililopakwa oili, vumbi linapita, oili nayo inakwenda kuganda kwenye sensa ya hewa na gari inaanza kusoma vibaya. Chujio la karatasi orijino, jipya, linalokaa vizuri kwenye boksi lake, hapa kwetu ndio kifaa cha kuongeza nguvu. Hilo nalisema kwa moyo wote.

Rimapu. Kwenye gari yenye turbo ya kiwandani rimapu inaweza kufanya makubwa kwa sababu unaiambia turbo isukume zaidi. Kwenye yako hakuna cha kusukumwa. Fundi atacheza na taimingi ya cheche, yani ni wakati gani plagi iwashe, na mchanganyiko wa mafuta, na injini yako ilitoka kiwandani tayari imekazwa, ina kompresheni ya 12 kwa 1, yani hewa ya silinda inabanwa mpaka sehemu moja ya kumi na mbili, na ilipangiwa petroli ya premiamu ya Japani. Angalia Toyota wenyewe walichofanya, walipoleta Mark X mpya ya GRX130 mwaka 2009, injini ya 2.5 ni ile ile 4GR lakini waliipangia itumie petroli ya kawaida na nguvu ikashuka ikawa farasi 203. Maana yake wale farasi wa juu walikuwa wamefungwa kwenye mafuta. Wewe ukiipeleka taimingi mbele zaidi kwa petroli ya kituo chochote utakachokuta njiani kati ya Manyoni na Singida, injini itaanza kugonga, sensa ya kugonga itasikia itarudisha taimingi nyuma, na hela yako imerudi ulikoitoa. Ukiongeza asilimia tano mahali fulani shukuru.

Turbo kwenye kompresheni ya 12 kwa 1 bila kubadilisha pistoni ni kuitafutia injini kifo, unashindilia hewa juu ya hewa ambayo tayari inabanwa sana. Na ukitaka kuifanya kwa usahihi utahitaji pistoni, nozeli, pampu ya mafuta, kupoza, giaboksi inayohimili, na mtu wa kuipanga kontroboksi kwa vipimo na sio kwa kusikiliza. Milioni tatu na nusu haifiki hata nusu ya safari.

Tuje kwenye kinachofaa. Gari yako ina takriban miaka ishirini. Hii injini inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, haipuliziwi nyuma ya vavu kama injini za zamani, kwa hiyo vavu za kuingiza hewa hazioshwi na mafuta hata siku moja. Mvuke wa oili unaorudi kutoka ndani ya injini unafika pale unaungua unaganda. Ukifungua manifoldi ya juu ukamulika tochi kwenye tundu, unaona shina la vavu limevimba kwa masizi meusi, juu magumu chini yana unyevu wa oili, na ile nafasi ya hewa kupita imebaki nyembamba upande mmoja. Silinda moja inapumua vizuri, ya jirani yake inapumulia puani. Hapo ndipo walipo farasi wako waliopotea mdogo wangu, wala hawajauzwa dukani. Wenye Lexus IS 250 huko Marekani, injini hii hii, walilalamika sana kwa tatizo hili.

Kwa hiyo anza na kupima kompresheni silinda zote sita. Zikiwa sawa sawa, fungua, safisha vavu kwa mkono kwa dawa na brashi huku vavu ya silinda unayosafisha ikiwa imefungwa kabisa, uchafu usidondoke ndani, na mtu anayefanya asiwe na haraka maana ni kazi ya siku nzima na ni chafu. Safisha na throto, ule mlango wa hewa ya injini. Weka plagi za iridiamu orijino, na hapa uwe makini kwelikweli, feki ni nyingi na boksi lake linafanana. Koili ikiwa na ufa badilisha. Oili 5W-30 nzuri na uangalie kijiti kila unapojaza mafuta kwa sababu hizi injini zikizeeka ringi zinaanza kula oili, unaweza kutoka hapa imejaa ukafika Dar iko chini ya mstari na taa haijawaka. Mafuta ya giaboksi weka yale yaliyoandikwa WS, sio yoyote mekundu. Ikirudi kutoka hapo utanipigia simu unasema fundi gari imekuwaje, na hatujafunga kitu cha nguvu hata kimoja.

Kama kompresheni imekuja mbovu kwenye silinda mojawapo, simama hapo hapo, milioni tatu na nusu yako ina kazi nyingine.

Tairi. Hapa ndipo ninapopishana na vijana wengi. Gari inagusa lami sehemu nne tu, kila moja ukubwa wa kiganja hivi, na kila farasi uliyenaye na kila breki uliyonayo inapitia hapo. Nenda sasa hivi kaangalie ubavu wa tairi zako, tafuta neno DOT na mwisho wake tarakimu nne kwenye kiboksi kidogo, ikiwa 1419 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2019. Jua la Dodoma linakausha mpira, tairi inakuwa na kashata zote nzuri lakini bonyeza kwa ukucha haishuki, imekuwa ngumu, na hiyo ikikutana na mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili pale Ihumwa, lami ikiwa na vumbi na oili za malori za miezi saba, inaserereka hata kwa spidi ya arobaini. Usinunue tairi za mtumba kwa gari unayotaka ikimbie. Rimu 19 sikushauri hata kidogo: ni nzito, na uzito wa kwenye gurudumu unaumiza kuliko uzito wa kwenye bodi, gari inachelewa kuondoka, inachelewa kusimama, na ule mpira mwembamba ukiingia shimo usiku rimu inapasuka. Ukitaka muonekano nenda 17 na tairi ya 215/55, kimo kinabaki karibu sawa na 215/60 ya inchi 16 iliyokuja nayo. Na kuishusha kwa barabara yenye matuta kama hii yetu, kila kijiji kuanzia Buigiri mpaka Gairo, utakuwa unapanda tuta kwa tumbo. Nunua shokapu mpya nne za kimo cha kawaida na ubadilishe bushi za mkono, alafu alaimenti. Watu hawaamini mpaka waendeshe.

Breki. Pedi nzuri, disiki zisizo na mawimbi, na mafuta ya breki mapya. Hii ya mwisho watu wanaipuuza na ndiyo rahisi kuliko zote. Mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, ikishashiba maji inashuka kiwango cha chini nyuzi 140, DOT 4 ni 230 na 155. Sasa chukua wewe unatoka Singida, umeipita Manyoni, unaanza kuteremka Saranda kuja Bahi, gari ina watu wanne na mizigo, umekanyaga breki mfululizo. Mafuta yakichemka yanatoa mapovu, na povu linabanika, pedali inakwenda mpaka chini kabisa laini na gari haisimami. Yule aliyefunga mafla ya mlio na yule asiyefunga wote wanafika hapo sawa. Kwenye mteremko kama ule shusha gia kwa mkono, nenda ya tatu, injini ikubebe, breki ikanyage kwa vipindi uiachie ipoe.

Na spidi yenyewe uielewe. Kutoka kilomita 80 kwenda 120 kwa saa unaona umeongeza nusu, lakini nguvu ya mwendo inayotakiwa kuuawa na breki imeongezeka zaidi ya mara mbili. Kwenye lami kavu na tairi nzuri, 80 unasimama kwa mita 35 au 36 toka breki ishike, 120 ni mita 80 na zaidi, na hapo sijahesabu ile sekunde moja na nusu ya kuona na kufikiri ambayo kwa 120 peke yake ni mita 50. Ng'ombe wa Mgogo hapo Chalinze Nyama akivuka barabara hatakusubiri umalize hizo mita.

Sasa wewe dereva, na hapa ndio ninapotaka unisikilize kuliko kote huko juu. Nguvu ya gari kwenye barabara zetu kazi yake halisi ni moja tu, kuovateki. Basi tulipige hesabu. Semi iko mbele yako inakwenda 80, wewe unapita na 100. Unahitaji kuizidi kwa kama mita 60, ule urefu wake, nafasi uliyoacha nyuma yake na nafasi ya kurudi mbele yake. Tofauti yenu ni mita tano na nusu kwa sekunde, kwa hiyo utakaa upande wa wanaokuja sekunde kama 11, umekula mita 300 za barabara, na anayekuja mbele kwa 100 naye amekula 300. Unahitaji mita 600 zilizo wazi na unaziona. Ukiongezewa farasi kumi kwenye hesabu hiyo hawabadilishi kitu cha kuonekana. Kinachobadilisha ni namna unavyojipanga. Vijana wengi wanabanana na tela, pua iko kwenye matairi ya semi, hawaoni mbele, wakipata upenyo wanatoka na spidi ile ile ya semi ndio wanaanza kukanyaga. Wewe rudi nyuma, acha nafasi, uone barabara yote, shusha gia kabla, anza kuchanganya ukiwa bado upande wako, ukitoka uwe tayari umeshaizidi kwa 20 au 30, na ukiona chochote hujakielewa bado una nafasi ya kurudi. Hiyo haina gharama na inakupa kitu ambacho hakuna rimapu itakupa.

Kona vilevile. Breki inaisha kabla ya kona, gari ikiwa imenyooka, ndani ya kona mguu unashikilia mafuta kidogo gari itulie, macho yanaangalia unapotokea na sio ukingo unaouogopa. Ukikanyaga breki katikati ya kona uzito wote unakimbilia mbele, nyuma kunakuwa kwepesi, na Mark X inasukumwa na magurudumu ya nyuma, itageuka. Tafuta uwanja mpana wa changarawe usio na watu wala watoto, kuna viwanja vilivyopimwa pembezoni mwa mji bado vitupu, omba ruhusa, fanya mazoezi kwa spidi ya 40 tu: kanyaga breki yote kwa nguvu mpaka ABS, ule mfumo unaozuia matairi kujifunga ukikanyaga breki, itetemeke mguuni huku ukikata usukani. Dereva wengi siku ya kwanza kuisikia ile tetemeko ni siku ya ajali, wanashtuka wanaachia. VETA hapa Dodoma ulizia kozi za udereva, na chuo cha usafirishaji cha NIT Dar kina kozi za madereva ambazo hata mwenye leseni ya miaka kumi anatoka na kitu.

Nikukumbushe na mtu mmoja. Mwaka 1965 Joginder Singh, Mkenya, alishinda Safari Rally akiwa na ndugu yake Jaswant kwenye Volvo PV544 ya mkono wa pili, gari ambayo mwaka mmoja nyuma ilikuwa ya timu ya kiwanda. Timu za Ulaya zilikuwa zimeleta magari mapya na mafundi wao. Yeye alijua matope, alijua lini aiachie gari ipumue. Akashinda tena 1974 na 1976 na Lancer ya cc 1600. Ukipata nafasi nenda Iringa kwenye Mkwawa Rally, simama kwenye kona na usiangalie gari, sikiliza mguu wa dereva, utasikia breki inaisha wapi na mafuta yanaanzia wapi.

Mwisho ni hili la Crown na injini kuisha. Mimi mlio wa V6 naupenda na sitajificha. Lakini ni kweli mambo yamegeuka: Mark X yenyewe Toyota waliacha kuitengeneza Desemba 2019, Lancer Evolution ilishaondoka kabla yake, Subaru wakaiaga injini yao ya EJ20 na toleo la mwisho la WRX STI kule Japani, na GT-R ya R35 imefungwa mwaka 2025. Kinachokuja na nguvu kinakuja na turbo ndogo, kama GR Yaris ya silinda tatu cc 1600 iliyoanza na farasi 272, au kinakuja na mota ya umeme. Na kwa mtu wa Dodoma hiyo sio habari mbaya kabisa, kwa sababu turbo inafidia hewa, na mota ya umeme haivuti hewa kabisa, haijui kama iko Dar au iko Singida. Treni ya umeme ya SGR iliyoanza kuja Dodoma mwaka 2024 inapanda huku juu bila kupoteza chochote kwa ajili hiyo. Crown ya AWS210 ina farasi 220 kwa jumla, injini ya 2.5 na mota, na ule msukumo wa kuanzia wa mota hapa kwetu unauhisi wazi ukilinganisha na gari yako. Ukiinunua siku moja angalia feni ya kupoza betri, inavuta hewa kutoka ndani ya gari karibu na kiti cha nyuma, kwa vumbi letu inaziba, betri inapata joto inakufa mapema, na wengi wanabadilisha betri ya bei kubwa kumbe tatizo lilikuwa kichujio cha kusafishwa kwa brashi.

Ila usiuze leo. Milioni tatu na nusu juu ya bei utakayouzia hii yako haikufikishi kwenye Crown nzima, itakufikisha kwenye Crown ya mtu aliyeichoka. Na kama kweli unachotaka ni nguvu za kishindo, hizo zinunuliwe zikiwa zimetoka kiwandani, Mark X ya 3.5 ina farasi 318, hata ukizikata za mwinuko wetu unabaki na zaidi ya 280 na kila kitu chini yake kimetengenezwa kuzibeba. Hiyo ndiyo modifikesheni ninayoiheshimu.

Kama baada ya haya yote roho bado inataka mlio, sikukatazi, badilisha mafla ya nyuma tu. Masega yaache. Yakitolewa taa ya cheki injini itawaka, ndani utanusa moshi kila ukisimama foleni, na nguvu utakayopata ni ya masikio. Na fundi akikwambia atakutolea bure hadai hata hela ya ufundi, jua anayataka yeye, ndani yake kuna platini na paladi na wanunuzi wapo.